Sisimizi Walijua Kabla Yetu

Julai 2025 nilikwenda kumsalimia mama mdogo, ng'ambo ya Kamanga, na swali nililokuwa nimelikwepa kwa miaka tisa likanikuta uani kwake. Tulikuwa tunamenya viazi vya kutengeneza michembe. Tulishaongea habari za masomo yangu, za bei ya dagaa, za daraja jipya la Kigongo hadi Busisi ambalo siku hizo hakuna aliyeweza kumaliza mazungumzo bila kulitaja. Kisha akaniuliza, macho yakiwa kwenye kisu: "Wewe si ulikuwa umeshamaliza kidato cha nne? Ulikuwa unajua?"

Hakusema kujua nini.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, upande wa maadili. Kutwa nasoma watu waliokufa zamani wakibishana nani alaumiwe kwa lipi. Ningeweza kumjibu kwa nusu saa nzima. Nikachukua kiazi kingine.

Aprili 2016 nilikuwa nakaa kwake nikisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Matokeo yalikuwa yametoka, Biolojia nilipata B, na kwa ajili hiyo nyumba nzima ilikuwa ikiniita "daktari". Aliyeanzisha utani huo ni mwanawe wa mwisho, mdogo wangu, miaka 11, darasa la tano.

Mwezi ule alianza kunywa maji. Akitoka shule anapitiliza kwenye mtungi kabla hajasalimia mtu, anakunywa kopo la kwanza, la pili, la tatu, anapumua, anaongeza la nne. Usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa, na siku asipowahi, godoro linaanikwa juani na ndugu zake wanamcheka. Kaptula ya shule ikaanza kumvuka, tukaifunga kwa kamba ya katani. Tukasema anarefuka. Mtoto akirefuka hukonda, nani asiyejua hilo?

Nyuma ya jiko, pale alipokuwa akijisaidia usiku kwa kuogopa kwenda chooni gizani, walianza kukusanyika sisimizi. Bibi ndiye aliyewaona kwanza. Jirani mmoja akasema pale pamewekwa kitu. Mama mdogo hakutaka maneno hayo nyumbani kwake, akaniambia nimwage jivu. Nikamwaga. Kesho yake wamerudi, nikamwaga tena.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba waganga wa India ya kale walikuwa wakitambua ugonjwa wa sukari kwa kuangalia kama sisimizi wanafuata mkojo wa mgonjwa. Maelfu ya miaka kabla ya maabara, mtu alichuchumaa, akatazama, akajiuliza wadudu hawa wanafuata nini. Mimi nilikuwa na jivu.

Wiki ya tatu akaanza kutapika na kulia tumbo. Kwenye zahanati waliona homa na matapishi, wakampa dawa ya mseto ya malaria. Siku ya pili tukarudi naye hawezi kusimama. Akawekewa dripu ya glukosi, maana mtoto aliyelegea huongezewa nguvu. Nyumbani mama mdogo akamnunulia soda, akawa anamnywesha kwa kijiko, na yeye anaipokea kwa pupa ya mtu mwenye kiu, kwa hiyo tukaona dalili ya kupona. Jioni alipozidiwa tukambeba hadi kivukoni. Kivuko cha mwisho kilishaondoka. Tukarudi.

Usiku ule nililala chini kando ya kitanda chake. Alikuwa anapumua kwa kasi na kwa kina, kifua kizima kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka ziwani hadi kilimani, na bado amelala, hajakimbia popote. Chumba kilikuwa na harufu. Ndizi zilizoiva hadi kuanza kuchacha, na ndani yake ukali fulani kama wa ile dawa ya saluni ya kufutia rangi ya kucha. Nikafikiri kuna mtu amesahau ndizi mle ndani. Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta chini ya kitanda. Nikapekua na nyuma ya sanduku. Sikuziona, nikalala.

Alfajiri tukavuka. Hospitalini, mjini, daktari kijana aliinama usoni kwake, akavuta pumzi mara moja, akasema jambo kwa nesi. Wakamtoboa kidole. Kipimo hakikutoa namba. Kiliandika herufi mbili tu, maana yake sukari imepita pale ambapo kifaa kinaweza kuhesabu. Wakafanya waliyopaswa kufanya. Alifariki kesho yake mchana.

Daktari yule alikaa nasi kwenye benchi akatueleza, na sijawahi kumsahau kwa kuwa hakuwa na haraka. Alisema mwili wa mtoto huyu ulikuwa umejaa sukari na wakati huohuo unakufa njaa. Kongosho lake lilikuwa limeacha kutoa insulini. Bila insulini sukari inabaki kwenye damu, haiingii inakotakiwa. Figo zinaitoa kwa mkojo, mkojo unaondoka na maji, ndiyo kiu ile. Mwili ukiona hauna chakula unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, kwa fujo, na ini linageuza mafuta hayo kuwa ketoni. Ketoni ni tindikali. Zikizidi, damu yenyewe inachacha. Mapafu yanajaribu kuitoa ile tindikali kwa kupumua haraka na kwa kina. Daktari wa Kijerumani aitwaye Adolf Kussmaul aliandika juu ya pumzi hizo mwaka 1874 na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Sehemu ya ketoni inageuka asetoni, inatoka kwa mdomo. Asetoni ndiyo inayofuta rangi ya kucha. Jina la hali yote hiyo ni ketoasidosisi. Mtoto akiwahishwa, tiba yake ni maji ya mshipani, insulini, na chumvi ya potasiamu inayosimamiwa kwa uangalifu.

Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Na soda?"

Daktari akasema, "Mama, hukujua."

Neno hilo tulilirudia siku zote za msiba. Wanawake wa jumuiya walimshika mabega: usijilaumu, hukujua. Nami nilimwambia hivyohivyo, nikiwa nimekaa kwenye mkeka uleule. Nilidhani nampa kitu. Leo naona tulikuwa tunampa msamaha wa namna ya ajabu, kwa sababu kumwambia mtu "hukujua" ni kumwambia pia kwamba jambo lenyewe lilikuwa linajulikana. Hakuna anayemwambia hivyo mtu aliyepigwa na radi. Kila mara tulipomfariji tulikuwa tunamkumbusha kwamba mahali fulani palikuwa na watu wanaojua, na yeye hakuwa mmoja wao.

Aristotle alilichambua hili katika kitabu cha tatu cha Maadili yake kwa Nikomako. Anasema tendo linalotokana na kutojua halihesabiwi kuwa la hiari iwapo mtendaji anaumia na kujuta anapoujua ukweli. Kwa kipimo hicho mama mdogo ameachiwa huru tangu zamani, maana kama kuna mtu nimemwona akiumia ni yeye. Lakini Aristotle anaongeza kuwa watunga sheria huwaadhibu watu kwa kutojua yale waliyopaswa kujua na ambayo kujua kwake si kugumu. Hapo ndipo ninapokwama. "Si kugumu" kwa nani? Kumtoboa mtoto kidole na kusoma kipimo hakumalizi hata dakika. Mtoto anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa mno, anayekonda na kuchoka, anahitaji tone moja la damu. Ni rahisi kuliko kumenya kiazi. Na ilikuwa ngumu kabisa kwa mwanamke ambaye hakuna mtu, tangu azaliwe, aliyewahi kumwambia kwamba watoto nao hupata kisukari. Alikijua kama ugonjwa wa wazee wanene wa mjini.

Mwaka jana darasani tulisoma insha ya Mwingereza William Clifford ya mwaka 1877. Anasimulia juu ya mwenye meli aliyejua meli yake imechakaa, akaanza kupata wasiwasi, kisha akautuliza wasiwasi wake kwa kujiambia kwamba imesafiri salama mara nyingi, itafika na safari hii. Ikazama na watu wote. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, ingawa aliamini kwa moyo wote kuwa meli ni nzima, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo.

Mwalimu alipofika hapo darasa lilinyamaza, na nadhani yeye mwenyewe alisahau yuko wapi. Mwanza huwezi kusimulia habari ya meli halafu watu wakafikiria Uingereza. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia mji huu, ikaua mamia, na wengi wetu mle darasani tuna jina la mtu tusiyemwona tena. Meli ile ilikuwa imebeba kuliko uwezo wake. Hapo Clifford anatosha. Ila watu wa Mwanza wana kipande kingine cha hadithi wanachokisimulia kwa sauti ya chini. Meli ilipokuwa imeelea kichwa chini, ndani kulikuwa na watu hai wanagonga. Waliokwenda kuwaokoa wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwa lile tundu, na meli ikazama na waliokuwa wanagonga.

Kwa hao Clifford hana la kusema. Hawakujituliza wasiwasi wowote. Walisikia watu wanalia wakachukua walichokuwa nacho mkononi. Kijiko cha soda kilikuwa cha aina hiyo. Na dripu ile pia, niseme kwa haki, kwani mhudumu aliyeiweka alikuwa peke yake siku hiyo na foleni ilifika hadi nje kwenye mwembe.

Basi kujua kulikuwa wapi? Swali hilo lilinishika kuliko swali la nani ana hatia, nikalifuatilia kwa njia pekee ninayoiweza, maktaba. Tarehe 11 Januari 1922, hospitali moja ya Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Alikuwa amebaki kama kilo 29. Dawa ile ya kwanza ilikuwa chafu, haikumsaidia sana. Ikasafishwa, akachomwa tena tarehe 23, na sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Waliogundua waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto, dola moja kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya mtu. Mwaka 1990 madaktari McLarty, Kinabo na Swai walichapisha katika British Medical Journal habari za wagonjwa 1,250 wa kisukari waliogundulika Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987, na miongoni mwa waliotegemea insulini, ketoasidosisi ilikuwa moja ya sababu kubwa za vifo. Yaani Muhimbili walijua, na waliandika, miaka 26 kabla ya mdogo wangu. Mwaka ule wa 2016 tayari kulikuwa na kliniki hapa nchini zinazowapa watoto insulini bila malipo. Kuna familia vijijini, nimezitembelea baadaye, zinazohifadhi chupa za insulini ndani ya chungu chenye maji kwenye kona ya nyumba, kwa sababu hakuna friji, na watoto wao wanacheza mpira.

Sisi tulikuwa na mtungi uleule. Alikuwa anaumalizia maji.

Kujua kulikuwa Toronto, Muhimbili, kwenye jarida. Hayo ningeyaandika nikalala vizuri, na niliwahi kuyaandika: insha yangu ya muhula wa kwanza ilisema kutojua kwa mtu mmoja ni matokeo ya namna jamii inavyogawa maarifa, ikapata alama nzuri. Sikuandika kuhusu ndizi.

Maana kujua kulikuwa pia chumbani mle, kumelala chini kando ya kitanda. Novemba 2015, miezi mitano kabla, nilifanya mtihani wa taifa. Nilikuwa nimekariri kazi ya insulini, sehemu ya kongosho inayoitoa, na dalili za mtu asiyekuwa nayo: kiu, mkojo mwingi, sukari kwenye mkojo, kukonda. Kwenye vitendo niliwahi kuchemsha maji ya ndizi mbivu pamoja na dawa ya bluu ya Benedict, nikaona inageuka kijani, njano, kisha nyekundu ya matofali, nikaandika kwamba sukari ipo. Dawa hiyohiyo ya bluu, zamani, ndiyo madaktari waliyokuwa wakipimia mikojo ya wagonjwa wa kisukari. Nilikuwa na kila kipande. Nilishika jivu kwa mkono uleule ulioshika neli ya maabara.

Niliyasoma yote hayo kwa Kiingereza. Nimejitahidi sana nisiufanye huu kuwa udhuru, lakini ni kweli. Kiu niliyoijibu kwenye karatasi ilikuwa neno la mtihani, lenye alama moja. Kiu ya mdogo wangu ilikuwa kopo linalogonga ukingo wa mtungi. Nilinusa kwa Kiswahili, nikatafuta ndizi kwa Kiswahili, na sidhani hata mara moja usiku ule akili yangu ilipita upande ule wa pili kuuliza kama kuna kitu inakijua. Mjadala wa lugha ya kufundishia kwa kawaida tunaufanya kama mjadala wa ajira na utandawazi. Mimi naujua kwa harufu.

Kitabu cha saba Aristotle anarudi kwenye jambo hili kwa njia iliyonifanya nifunge kitabu. Anasema mtu anaweza kuwa na maarifa na asiwe nayo: kama aliyelala, kama mlevi, kama anayeghani beti za hekima bila kuzielewa. Na wanafunzi wanaoanza, anasema, huunganisha maneno vizuri lakini bado hawajui, kwa kuwa maarifa yanapaswa kuota mwilini, na hilo huchukua muda. Sikujua kama ananiachia huru au ananifunga.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, Mkerewe asiyependa kubembeleza mtu, aliponisikiliza alisema: "Ulikuwa na miaka 17. Watu wazima wenye makoti meupe hawakuona. Kujilaumu kwako ni majivuno, unataka kuwa mtu muhimu kwenye kifo cha mtoto wa watu." Iliniuma, na kuna ukweli ndani yake. Hatia inaweza kuwa kiti cha mbele. Hata hivyo nilimwuliza kwa nini, kama ningebahatisha na kusema "mpimeni sukari", kila mtu angenisifu maisha yangu yote, na hakuna ambaye angesema nilikuwa na miaka 17 tu. Ikiwa sifa ingenifikia, lawama inapotelea wapi njiani? Hakujibu, akaagiza chai.

Sina jibu kamili hadi sasa. Ninachokiamini ni kidogo: kwamba lawama na deni ni vitu viwili, na kwamba tulipokuwa tukimwondolea mama mdogo lawama, sisi tuliosoma tulijifutia deni kimyakimya kwa kalamu hiyohiyo. Yeye alibaki kuwa mtu asiyejua, kana kwamba ni kabila lake. Hakuna aliyerudi, baada ya arobaini, kumkalisha na kumweleza tena taratibu, hata mimi. Yale ya benchi la hospitali aliyashika peke yake, kwa kusikia mara moja, akiwa katika hali ile.

Ndiyo maana, uani pale, nilipoacha kumenya nikamtazama, niliona hanitafuti kunishtaki. Nadhani alitaka tu kujua kama alikuwa peke yake.

"Nilikuwa nimesoma, mama," nikasema. "Ila sikujua. Niliisikia harufu, nikadhani ni ndizi. Nilizitafuta na tochi."

Kisu kikasimama.

"Ulizitafuta?"

"Chini ya kitanda. Na nyuma ya sanduku."

Alikaa muda. "Mimi niliisikia pia," akasema. "Nikadhani ni soda." Kisha, baada ya kiazi kizima kumenywa: "Sasa kusoma kule kulikuwa kwa ajili ya nini, mwanangu?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei.

Kabla sijapata cha kusema mtoto wa jirani alikatiza uani na ndoo kichwani, kiasi cha miaka tisa, anatoka bombani. Mama mdogo akamwita. Mtoto akatua ndoo bila kuulizwa, akasogea, akafumbua mdomo, akampulizia usoni. Inaonekana watoto wote wa pale wameshazoea.

Mama mdogo alinusa, akafikiri.

"Dagaa," akasema. "Nenda."